Mauser 71, Gewehr 88 au bunduki ya shabaha ya 8.15×46R: tazama ganda kabla ya mbao

Ujumbe huja hivi: picha tatu za bunduki kuukuu ya Kijerumani, moja imepigwa kwa karibu penye muhuri, na swali fupi: "Kaka, nichukue?" Anayeuliza huwa Mswahili mwenzangu anayeishi huku Ujerumani, au yuko Marekani, ameiona mnadani au kwa mzee anayehama nyumba. Mbao zinang'aa, chuma kimeiva rangi ya tumbaku, na bei si ya kutisha. Mimi nami humjibu kwa swali: maganda utayatoa wapi?

Maana bunduki hizi zilizaliwa pamoja na risasi zake, kisha risasi zikafa mapema. Chuma kizuri hukaa miaka 150 bila kulalamika, lakini kiwanda hakiendelei kutoa risasi isiyonunuliwa. Anayetaka kuifyatua hulazimika kuzijaza mwenyewe, na mara nyingine hata ganda lenyewe aligeuze kutoka ganda la risasi nyingine. Hapo ndipo bunduki tatu zinazofanana kwa umri na bei zinapoachana kabisa.

Tuelewane maneno kwanza. Risasi kamili ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa cha risasi mdomoni. Kichwa huruka, fataki na baruti huungua, ganda hubaki. Namba kama 11.15×60R husomwa hivi: ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, na R ni alama kwamba kitako kina ukingo unaotokeza.

Na sheria. Huku Ujerumani huwezi kununua baruti wala kujaza ganda bila kibali cha kifungu cha 27 cha sheria ya vilipuzi, na kibali hicho kina kozi na mtihani. Marekani, kwa sheria ya shirikisho, bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla yake huhesabiwa ya kale, ila majimbo yana masharti yao. Nyumbani Tanzania na Kenya usijaribu: kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, hata kama bunduki ni ya babu na imelala darini miaka hamsini. Vipimo vya baruti sitaviandika hapa. Hivyo huchukuliwa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, si kwa mtu anayeandika jioni baada ya kazi.

Mauser 71: moshi mwingi, hila chache

Ndugu wawili wa mji wa Oberndorf, Paul na Wilhelm Mauser, ndio walioibuni, na dola changa ya Ujerumani ikaipokea ikiwa na jina la mwaka 1871. Ni ya risasi moja moja, inatumia 11.15×60R: kichwa cha risasi cha gramu 25 hivi, kilichovikwa karatasi, kikisukumwa na baruti nyeusi.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hii ndiyo yenye historia ya karibu. Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani Afrika Mashariki, waliibeba, na vita vilipoanza 1914 kampuni nyingi za askari bado zilikuwa nayo, wakati majeshi ya Ulaya yalikwisha kuiweka ghalani. Kwenye mapigano ya Tanga, Novemba 1914, kila aliyeifyatua aliacha wingu jeupe lililomwonyesha adui pa kulenga. Walishinda hata hivyo, na miongoni mwa nyara zao zilikuwamo bunduki mpya mamia za Waingereza. Sasa wauzaji wanaijua hadithi hiyo pia. Ukiambiwa "hii ilikuwa Afrika Mashariki", omba karatasi. Bunduki za aina hii zilitengenezwa kwa wingi mno, na nyingi hazikuvuka hata mto Rhine.

Kwa ganda, njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua lililotengenezwa tayari. Vipo viwanda vidogo vinavyolitoa kwa mafungu, Bertram wa Australia kikiwa kimojawapo. Ni ghali, na fungu likiisha unangoja. Ya pili ni kugeuza ganda la Kimarekani la .45-90. Urefu wake ni mm 61, kwa hiyo kwa urefu linatosha na kipande kidogo cha kukata. Tatizo liko chini. Kitako cha .45-90 kina kipenyo cha mm 12.8 hivi, chemba ya Mauser, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalopokea ganda, inataka 13.1. Ukingo nao ni mpana kupita kiasi, 15.4 badala ya 14.9. Ukingo unaukereza kwenye mashine, haina shida. Kitako hukiongezi. Ganda likifyatuliwa mara ya kwanza huvimba kidogo juu ya kitako ili lijaze nafasi, na kwa kuwa baruti nyeusi haina shinikizo kubwa, mafundi wengi huuvumilia uvimbe huo. Mimi nina sharti moja: uvimbe ukiwa wa pande zote sawasawa, ganda linabaki kazini, ukiwa wa upande mmoja, linaingia kwenye ndoo ya chuma chakavu.

Faida ya baruti nyeusi kwa anayeanza ni kwamba hujaa. Huwezi kuimimina mara mbili kwenye ganda moja bila kuona, maana itamwagika mezani. Wala haitakiwi kuachiwa nafasi tupu kati yake na kichwa cha risasi. Hasara yake unaijua mwenyewe siku ya kwanza: masizi. Maganda na mtutu huoshwa siku hiyo hiyo kwa maji ya moto na sabuni, la sivyo kesho shaba imegeuka kijani na chuma kimepata chunusi. Jiko letu lilinuka mayai viza jioni nzima nilipoosha maganda kwenye sinki, na tangu siku hiyo nina ndoo yangu ya nje.

Shawishi kubwa ni kutaka kuikwepa kazi hiyo kwa baruti isiyo na moshi. Usifanye hivyo kwa 71. Komeo lake, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, limeshikiliwa na ubavu mmoja tu, ule unaobeba mpini, na chuma chake ni cha enzi ya baruti nyeusi.

Kuna jambo dogo linalowashangaza wengi: bunduki ya askari wa miguu ya 71 haina kirusha ganda. Unavuta komeo, unainamisha bunduki ubavuni, ganda linadondoka lenyewe. Vitani ilikuwa kero. Kwa sisi tunaohesabu kila ganda ni neema, hakuna kupekua majani kwa magoti.

Mdogo wake, 71/84, ana ghala la mrija chini ya mtutu lenye risasi nane. Humo kila kichwa cha risasi kimeelekea fataki ya risasi iliyo mbele yake, kwa hiyo lazima kiwe bapa. Ukiichagua hiyo, lisahau kabisa wazo la vichwa vyenye ncha.

Gewehr 88: ganda jepesi, mtutu wenye siri

Wafaransa walitoa bunduki ya baruti isiyo na moshi mwaka 1886, na Wajerumani wakaharakisha kujibu. Tume ya jeshi ilibuni bunduki mpya na risasi mpya, ikapokelewa 1888. Ndiyo maana wengine huiita bunduki ya tume. Mtutu wake umevalishwa koti la bati, na risasi tano huingia pamoja na kibanio chao. Bila kibanio unaingiza moja moja.

Ukitazama ganda peke yake, huna haja ya kusoma zaidi: hii ndiyo rahisi kuliko zote. Ganda la 8×57 linatengenezwa hadi leo, na dai zake, vile vyuma vya kuligandamizia ganda hadi lipate umbo, zipo kila duka la vifaa vya kujazia risasi, wakati za 11.15×60R ni za kuagiza. Ukilikosa, kitako chake kina vipimo vya kitako cha .30-06, ganda linalookotwa kama maembe msimu wake kwenye viwanja vya Marekani. Unalikata, unalipaka mafuta, unalisukuma ndani ya dai ya 8×57, unalipunguza hadi mm 57, unalipiga msasa mdomoni. Kazi ya dakika chache kwa kila moja.

Mafuta yawe kidogo. Nilipoanza niliyapaka kama ninayemwandaa mtoto kwenda shule, na karibu maganda kumi yakatoka na vibonde begani, mafuta yaliyokosa pa kwenda yameibonyeza shaba. Ganda lenye kibonde kidogo bado lafaa, likifyatuliwa linanyooka. Lenye mkunjo mkali halifai.

Hatari yenyewe imejificha kwenye shingo. Shingo mpya ya ganda lililogeuzwa inatokana na ukuta wa ubavu wa ganda la zamani, na ukuta huo ni mnene zaidi. Shingo ikiwa nene kiasi cha kukosa nafasi ya kutanuka ndani ya chemba, kichwa cha risasi hubanwa mahali pake na shinikizo hupanda ghafla. Kwa hiyo pima shingo ya risasi iliyokamilika kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, uilinganishe na chapa ya chemba yako (nitaieleza hapa chini), na kama ni nene uikereze kwa nje. Anayeiruka hatua hii kwa sababu "imeingia vizuri" amejidanganya; kuingia si kutanuka.

Sasa siri ya mtutu. Risasi ya 1888 ilikuwa na kichwa chenye kipenyo cha mm 8.08 hivi, yaani inchi .318. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 jeshi likahamia kichwa kipya chenye ncha, cha mm 8.20, inchi .323. Ganda ni lile lile la mm 57. Ya kwanza huandikwa 8×57 I, ya pili 8×57 IS, na herufi hiyo moja ya S ndiyo inayotenganisha bunduki inayopumua na bunduki iliyokabwa. Tofauti ni sehemu ya kumi na kidogo ya milimita. Macho hayaioni, lakini mtutu unaijua. Ndiyo sababu viwanda vya Marekani vimekuwa vikiijaza 8 mm Mauser, kama wanavyoiita risasi hii huko, kwa upole kuliko viwanda vya Ulaya: wanajua bunduki za zamani bado ziko vyumbani mwa watu.

Bunduki nyingi za 88 zilifanyiwa marekebisho na kugongwa herufi S juu ya chemba. Wengi huishia hapo: wameona S, wamenunua vichwa vya .323. Lakini bunduki hizi zimepita mikono mingi, zimekwenda Uturuki, zimerudi, zimeuzwa kwa mafungu, zimebadilishwa mitutu. Muhuri unasimulia kilichofanyika siku moja kiwandani. Haujui kilichofuata.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Mtutu ukiwa mtupu na umepakwa mafuta mepesi, sukuma ndani yake kipande cha risasi laini, ile metali yenyewe, kwa ufito wa shaba. Kikitoka upande wa pili kimebeba chapa ya matuta na mifereji yote. Pima palipo pana zaidi. Kwa chemba, fundi humimina aloi inayoyeyuka kwa joto dogo, ikipoa huitoa, na una nakala ya ndani ya bunduki mkononi. Bila vitu hivyo viwili 88 isijazwe risasi hata moja. Ukipata 8.08, ujue vichwa vyake vinatengenezwa na wachache, na huenda ukaishia kuvimimina mwenyewe kwa kalibu.

Jingine la kukagua kabla ya kulipa: kichwa cha komeo la 88 hutoka. Ni kipande kidogo mbele ya komeo, na kimewahi kupotea kwenye bunduki nyingi zilizofunguliwa na wasioijua. Komeo bila kipande hicho ni kifo. Kipande cha bunduki nyingine kikipachikwa humo, fundi aangalie kwanza kama kinabana ganda inavyotakiwa.

Nikiwa kwenye risasi za baruti isiyo na moshi, kuna kisa cha kwetu kinachostahili kukumbukwa na kila anayejaza maganda. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya Kronborg ya Kidenmaki, iliingia Ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikifukuzwa na manowari HMS Hyacinth, ikapigwa na kuzama kwenye maji ya kina kifupi. Mamilioni ya risasi yaliopolewa humo yakiwa yamelowa maji ya chumvi. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa na kukaushwa, fataki nyingine zikabadilishwa, risasi zikafungwa tena. Askari na wapagazi walikaa miezi kwenye kazi hiyo, asubuhi hadi jioni. Hata hivyo nyingine ziliendelea kukataa kulipuka. Ninapochoka baada ya ganda la arobaini huwafikiria wale.

8.15×46R: ya kilabu na Jumapili

Hii haikuwa ya vita. Ni risasi ya vilabu vya shabaha vya Kijerumani, jina la Frohn wa mji wa Suhl likitajwa kwenye asili yake, na kwa miongo kadhaa tangu mwisho wa karne ya 19 ilitawala viwanja vyao. Bunduki zake ni nzito, kitako kimekunjwa kufuata bega, kifyatulio chepesi hata kupumua vibaya kunatosha. Nyingi zina bonge la chuma linaloshuka ili kufungua chemba, kama zile za mfumo wa Aydt. Kati ya vita viwili vikuu kulikuwa pia na Wehrmannbüchse, yenye umbo la bunduki ya jeshi ya Mauser 98 lakini ya risasi moja moja, kwa ajili ya mashindano.

Ganda lake hutokana na .30-30, risasi ya wawindaji wa kulungu Marekani. Kitako kinakaribiana sana. Urefu wa mm 51.8 unaukata hadi 46. Ukingo wa .30-30 ni mpana zaidi, mm 12.85 dhidi ya 12.3 hivi, na mara nyingi pia ni mnene, kwa hiyo bunduki haifungi hadi uukereze. Bila mashine ya kukereza, au rafiki mwenye nayo, njia hii imefungwa. Ila Ujerumani maganda yaliyotengenezwa tayari bado hupatikana.

Shida yangu ilikuwa mdomo. Shingo ya .30-30 ni nyembamba na lazima itanuliwe, na maganda yaliyokwisha kufyatuliwa mara kadhaa yana shaba ngumu. Katika sita ya kwanza, manne yalipasuka mdomoni kwa mlio mdogo kama wa njugu. Dawa ni kupasha shingo moto ili shaba ilainike, ganda likiwa limesimama kwenye maji yanayofunika kitako. Shingo tu. Kitako kilicholainishwa hakirudi tena kuwa salama.

Shinikizo ni dogo, vichwa ni vya kumimina, na ganda moja lililotengenezwa vizuri linaweza kukutumikia miaka. Ubaya wake ni kwamba mitutu haikufuata kipimo kimoja: mmoja unataka kichwa karibu na cha .318, mwingine unapita .323. Lakini tofauti na 88, hapa kosa la kipimo hukuumiza kwanza kwenye shabaha. Risasi zinatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, nawe unarudi kupima. Si ruhusa ya kuzembea. Ni nafasi zaidi ya kujifunza.

Ningechukua ipi?

Kwa mtu wa kwanza kabisa, 8.15×46R, na sisiti. Kazi ya kugeuza ganda ni ya kujifunzia hasa: kukata, kukereza, kulainisha, kutanua. Baada ya maganda hamsini utakuwa umekutana na kila kosa lililopo, kwa shinikizo la upole.

Anayetaka historia ya Afrika Mashariki mkononi, na ana uwanja wa wazi na subira ya kuosha, achukue 71, lakini atenge fedha ya maganda yaliyotengenezwa tayari kabla ya kulipia bunduki. Yale ya .45-90 ni ya kuvusha msimu.

88 ni ya mtu ambaye tayari ana maikromita na anaipenda. Inavutia kwa urahisi wa ganda, na huo urahisi ndio unaowaponza. Mtu ambaye angekuwa makini kwa wiki nzima na ganda gumu la 71 anajaza 88 usiku mmoja kwa kuwa vifaa vyote vilikuwa dukani.

Ukienda kuiona bunduki yoyote kati ya hizi, beba kalipa, kipande cha risasi laini na ufito, na mwombe muuzaji ruhusa ya kuupima mtutu. Akikataa, kunywa kahawa yake, mshukuru, ondoka.

Wa mwisho kunitumia picha alikuwa dada mmoja wa Mombasa aliyeko Ohio. Ilikuwa 88, safi, haina S mahali popote, na muuzaji alimhakikishia ni .318 kwa sababu hiyo. Alisukuma kipande kama nilivyomwambia, akakipima mara tatu, akaniletea picha ya kalipa: 8.20. Mtutu ulibadilishwa na mtu ambaye hakuona haja ya kuandika. Ameinunua, kwa bei ndogo kuliko iliyotajwa, na kwa sasa iko kwa fundi ikimiminiwa chapa ya chemba, kwa maana mtutu mpana hauna faida kama shingo ya chemba ilibaki ya 1888. Maganda yake ya .30-06 yamekwisha kukatwa, yako kwenye kopo la kahawa, yanangoja jibu.